Ngumi ya Baba

Juzi wajukuu zangu waligombania simu wakitazama ndondi. "Ngumi ya huyu nzito!" "We! Yule anaua tembo!"

Nikakumbuka alasiri moja, redio ikikoroma pambano la ndondi, pombe ya mtama ikinukia. Baba alikuwa akiwaungurumia wageni: "Bondia yule akikupiga, unasahau jina lako!"

Mama akaleta mtungi. Kwetu aliyepika pombe huonja kwanza. Akaweka mrija mdomoni, akashindwa kuvuta. Mdomo ulikuwa umevimba. Wanaume wakatazama chini.

Mimi nikadhani pombe imeharibika. "Mama, imechacha?"

"Imechacha, mwanangu."

Baba akaongeza sauti ya redio.

"Bibi, na wewe sema, nani ana ngumi nzito?" wajukuu wakaniuliza.

"Baba yangu," nikasema.

Wakacheka sana. Nilikuwa nimechoka, nikawaacha wacheke.