Kadi ya Mguu wa Kushoto

Wa kulia! Mguu wake ulikuwa wa kulia, na usinitolee macho.

Mke wa mwanangu ameduwaa na kitambaa mkononi. Hajauliza kitu. Alikuwa anafuta tu vumbi kabatini, hapa kwetu Soweto ya Mbeya, ndo akaikuta kadi. Kadi yenyewe ndogo, kama ya karata, kona zimeliwa na mende. Kijana kavaa jezi ya mistari, mpira uko mguu wa kushoto, anacheka kama bwana harusi.

"Mamaaa, kumbe baba alikuwa mzuri hiviii!" Huyu mtoto hata akiomba chumvi anaimba.

Alikuwa mzuri, sikatai. Ulidhani mimi niliolewa na nani?

Enzi hizo tuko Kilolo, tunalima viazi, naye ndo kwanza kaingia timu ya Iringa mjini. Msimu wake wa kwanza. Timu ikawapiga picha wale wapya, kila mmoja na kadi yake, ziuzwe getini siku ya mechi. Mpiga picha alikuwa na kibanda pale sokoni. Bwana yule wakati wa kusafisha picha akaigeuza filamu, kulia ikawa kushoto. Mimi nilijua palepale, maana kiraka cha jezi nilikishona mwenyewe, bega la kulia, na kwenye kadi kimehamia bega la pili. Nikamfuata kibandani. Akanijibu kwa pua, hivi: "Mama, sura si ni yake? Au nimempa ya jirani?"

Tukacheka. Mama mkwe wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kadi ikabaki hivyo hivyo.

Mwenyekiti wa timu akaenda nayo Dar, kwa mzee mmoja aliyekuwa anaitafutia klabu kubwa wachezaji. Akarudi anapayuka, na sauti yake ile ya mashine ya kukoboa: "Wamempenda! Hawana winga wa kushoto! Mzee anakuja kumwona mwenyewe!"

Mume wangu aliitaka Dar kuliko alivyonitaka mimi, na mimi alinitaka kweli, alikuwa anapanda milima miwili kuja kwetu kusalimia tu. Nikamwambia, "Nenda kamwambie mwenyekiti picha imekosewa."

"Nikisema, mzee si haji tena? Wa kulia wanao kibao. Acha aje kwanza. Mguu ni mguu tu, utazoea."

Basi akawa anauzoesha. Akitoka shambani anapiga mpira wa matambara kwenye ukuta wa banda la nguruwe. Kushoto, kushoto, kushoto. Nguruwe wakagoma kula. Mimi na ndoo yangu kichwani namwigiza, nachechemea uwanja mzima: "Nipisheni, mimi winga wa Dar!" Anacheka, anaokota mpira, anaanza upya. Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti mwenyewe, miguu ninayo. Sikwenda. Nilishawatangazia majirani kwamba nahama, na sufuria moja nilishaigawa.

Hatukwenda Dar. Tulikuja huku Mbeya, akabeba magunia ya viazi pale Iyunga mpaka mgongo ukakataa. Watoto wakimrushia mpira anaudaka kwa mikono, anawarudishia kama mtu anayerudisha sahani. Mpaka tunamzika sikumwona anapiga tena, si kulia, si kushoto. Watu wote nawaigiza mimi, mchungaji, daktari, hata wewe na kuimba kwako. Yeye siwezi.

Siku yenyewe mzee alipokuja kumwona, baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mzee wa Dar kakaa kwenye kiti, kajifunika koti la mwenyekiti, kadi iko mkononi. Mume wangu kapangwa kushoto. Anapokea, anateleza, anapoteza. Watu wanaguna. Halafu karibu na mwisho mpira ukamjia wenyewe, ukatulia mbele ya mguu wa kulia, kipa kashaanguka, goli lote liko wazi. Nikapiga kelele mpaka kanga ikadondoka: "Piga na wako! Piga na wako, baba!"

Alinisikia. Aligeuza kichwa, akaniona. Kisha akauhamisha mpira, taratibu, aupeleke kushoto, maana mzee kaja kuona kushoto. Beki akafika, akauchukua kama anaokota kitu chake.

Mechi ilipoisha akaenda mbele ya kile kiti, jasho linamtoka na baridi ile, mikono kaiweka nyuma kama mtoto wa shule. Mimi nimesimama karibu, nangoja aseme. Neno moja tu, kwamba picha iligeuzwa. Hakusema. Mzee akamtazama, akaitazama kadi, akamtazama tena. Hakupandisha hata sauti, alizungumza polepole na lafudhi yake ya pwani, huku anamrudishia kadi mkononi:

"Huyu wa kwenye picha ningemchukua leo hii. Wewe nenda kalime."