Vikaratasi vya Makadirio

Kampuni yetu pale Morogoro ilikuwa inanunua mboga Mgeta, kule milimani, na kuzipeleka Dar. Kabla ya masika, meneja alitugawia vikaratasi wafanyakazi wote, madereva, wapakiaji hadi wafagiaji, kila mtu akadirie peke yake tutapata magunia mangapi ya karoti kwa wiki. Mimi karani ndiye niliyetafuta wastani. Ulikuwa nusu ya alichotaka yeye.

"Wavivu nyie," alisema, akavichana mbele yetu. Wateja wa Dar akawaahidi hesabu yake mwenyewe.

Mvua ilipokolea, barabara ya mlimani ikakatika na malori yakakwama. Magunia tuliyopata yalikaribia kabisa wastani wetu. Meneja akaitisha kikao, amefura.

"Mlijua, mkanificha!"

Nikasimama. "Tulikuandikia, bosi. Vikaratasi ukavichana mwenyewe."

Akaniambia nikusanye vitu vyangu niondoke. Wenzangu wakainamisha vichwa, hakuna aliyenitetea hata kwa neno moja. Kumchukia meneja nimeshachoka. Hao wenzangu, hadi leo tukikutana sokoni, salamu yao siitikii.