Tanga Langu na Mwavuli wa Mama Mkwe

Habari hii mke wangu huihadithia vizuri kuliko mimi, na kwa kuwa amekwisha kuisimulia kwenye arusi, kwenye ubatizo, kisimani na hata kwenye foleni ya sukari, naona sina tena sababu ya kuificha. Afadhali niiseme mwenyewe, angalau nipate nafasi ya kujipendelea kidogo mahali fulani.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Miaka hiyo ya sabini nilikuwa karani kwenye ghala la pamba pale Kahama, nakaa Nyasubi, na kazi ikiisha safari yangu ilikuwa moja tu, kutoka ghalani mpaka kwenye kiti changu cha uvivu uani, nikiwa na kitabu mkononi na chai pembeni. Nilikuwa na kidato changu cha nne na kamusi yangu, sikuwa na haja ya kumtembelea mtu. Na kitabu nilichokipenda kuliko vyote nilikiokoa dukani kwa Bwana Kanji, ambaye alikuwa akinunua vitabu vya zamani kwa ajili ya kufungia bizari (nilikikuta kimebaki nusu, kurasa za mwisho zilikwisha kwenda na manjano ya watu). Kilikuwa cha Kizungu, kinaeleza habari za baba, mama na watoto wao waliouza nyumba wakahamia kwenye chombo cha tanga, wakazunguka baharini, watoto wakifundishwa hesabu humo humo mawimbi yakipiga. Nilikisoma mpaka nikawa naota nimeshika kamba za tanga. Kitini.

Mke wangu Kabula hakuota nami. Kwao ni ziwani, upande wa Geita, na kila baada ya mavuno alikuwa akiniomba twende tukawasalimu wazazi wake, nami kila mara nilikuwa na sababu, mara mvua, mara barabara, mara pamba haijapimwa. Siku moja nikiwa kitini, familia yangu ya Kizungu ipo katikati ya dhoruba, akaja akasimama mbele yangu na mtoto wetu Neema mgongoni na mzigo kichwani.

"Baba Neema," akasema, "mimi sikuolewa na kiti."

Akaondoka na basi la asubuhi. Nilidhani atarudi baada ya wiki. Hakurudi, wala salamu hazikuja, na mimi nikabaki nakula kwa kubahatisha, uji wa mchana, karanga za usiku, mpaka suruali zikaanza kunikimbia kiunoni.

Aliyeniokoa ni mchungaji wetu, mtu mwenye macho. Aliniita akanikabidhi boksi la vitabu vya kuielewa Biblia, vile vyenye masomo mafupi na maswali mwishoni, akasema vinatakiwa kwenye kanisa jipya huko ziwani, ng'ambo ya ghuba, ambako darasa la watu wazima linamsubiri mwalimu wao avifungue Jumapili. Mwalimu mwenyewe ni Mzee Lushinge. Yaani baba mkwe wangu. Mchungaji akasema anaogopa posta itachelewa, huku akitazama dirishani asicheke. Nami nikakubali, nikafunga boksi kwa kamba ya katani, na ndani yake nikachomeka kitabu changu cha tanga ili nisiwe mpweke njiani.

Basi likatupitisha Masumbwe na vumbi lake lote, na kesho yake nikafika kwa wakwe rangi ya tofali. Kabula akaniletea maji ya kunawa kama anavyoletewa mgeni wa serikali, akapiga goti, akaondoka bila neno. Neema alinililia. Mama mkwe sikumwona, nilisikia tu mlango wa nyuma ukifungwa, na hapo inabidi niwaeleze wale wasio wa kwetu: Usukumani mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaogopana kwa heshima. Hamtazamani, hamli pamoja, njiani mkikutana mmoja anaingia porini, na mkiwa na la kuambiana mnalipitisha kwa mtu wa katikati. Kugusana ndiko kabisa hakutajwi.

Mzee Lushinge aliniambia wazi wazi kwamba suala la Kabula litazungumzwa Jumapili jioni, vitabu vikishafika, na kwamba kwa alivyosikia yeye, binti yake ameolewa na mtu asiyehamishika. Halafu akafungua boksi. Akavitoa vitabu kimoja kimoja, akavipapasa, akasoma vichwa vyake kwa sauti, akafika kwenye changu chenye picha ya tanga jalada zima, akakiangalia sana.

"Na hiki, mkwe, kinaeleza sehemu gani ya Biblia?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa kwa mshangao, eti familia nzima majini, na watoto. Akauliza kama nimekisoma chote, nikasema chote (kilichokuwepo). Akauliza, "Kwa hiyo mambo ya tanga unayajua?"

Wakati huo huo Kabula alikuwa anapita na sahani ya ugali, akapunguza mwendo. Niliona sikio lake limegeuka. Jibu la kweli lilikuwa fupi, neno moja tu, hapana, lakini sikio la mke aliyekukimbia ni jambo zito.

"Kiasi," nikasema.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi. Jumamosi mzee akatangulia ng'ambo kuandaa watu. Jumapili alfajiri mitumbwi ya waumini ikaondoka, ukabaki ule mkubwa wa shemeji yangu Shija, kaka yake Kabula, uliokuwa umewekewa tanga, wa kutuchukua sisi na vitabu. Na hapo ndipo Shija alipokuja ananyata, uso umejaa furaha, kuniambia kwamba mwenzake anayeshika tanga ameamka na homa, hawezi hata kukaa, lakini baba aliacha maneno kwamba tusihangaike kutafuta mtu, mkwe yupo, mkwe amesoma.

Nikamwambia labda tupige makasia tu. Akasema kwa makasia tutafika ibada imekwisha. "Au shemeji unaogopa?" akauliza, kwa sauti ya kumfikia dada yake. Neema aliachwa kwa mama yake mdogo kwa sababu ya kikohozi, Kabula akaingia mtumbwini bila kunitazama, na mimi nikaingia nyuma yake. Kamba ya boksi ikakatika pale pale ufukweni. Nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana mtu wa vitendo, nikavua mkanda wangu wa suruali nikalifunga boksi kwa huo. Nilijiona hodari. Nilikuwa nimevaa bugaluu, ile suruali pana miguuni iliyokuwa imeingia mjini, na nilikwisha kuwaambia hali ya kiuno changu.

Halafu akaja mama mkwe. Kiongozi wa akina mama kanisani, hawezi kukosa siku hiyo, na mtumbwi mwingine haupo. Akaingia kwa upande wa mbele kabisa, akatupa mgongo, akafungua mwavuli wake mweusi mkubwa akauelekeza nyuma, kwangu, kama ukuta. Heshima ikawa imehifadhiwa. Shija alikaa nyuma na kasia la kuongozea, mimi katikati na tanga, Kabula mbele yangu, mwavuli mbele ya Kabula.

Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Tanga likajaa, Shija akapiga mluzi, nami nikaifunga kamba kwenye ubao wa kukalia kwa fundo nililojifunza kwenye picha ya kitabu, fundo ambalo upepo ukivuta linazidi kukaza. Nikakunja mikono. Nilidhani nimemwona Kabula akigeuka kidogo (alikuwa anatema mate majini, alikuja kuniambia baadaye).

Upepo ukaongezeka. Mtumbwi ukaanza kwenda kwa upande, Shija anauvuta kwa kasia, pua inakataa, inataka kwenda kwenye matete yaliyo mbali kushoto. Kanisa lilikuwa kulia. Nikatazama, nikaona kinachotuvuta: ule mwavuli nao umekuwa tanga la pili, tena kubwa kuliko akili yangu. Sasa mseme ninyi, ningemwambiaje? Siwezi kumsemesha mama mkwe. Wa kunisemea ni Kabula, na Kabula hasemi nami. Nikamwambia Shija amwambie dada yake amwambie mama afunge mwavuli. Shija akapitisha, taratibu, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Kabula akasikiliza, akauambia upepo kwamba aliyetuma maneno hayo angetazama tanga lake, mwavuli wa mama umemkosea nini. Nikatuma tena, nikaongeza neno tafadhali. Safari hii likafika mpaka mbele, halafu jibu likarudi kwa njia ile ile, mama kwa Kabula, Kabula kwa hewa, Shija kwangu, wakati maji yamekwisha kuanza kuturukia.

"Mama anasema," Shija akaniambia, "mwambieni anayeuliza kwamba nikiufunga atakuwa ananitazama."

Nikaamua kulegeza tanga. Fundo likakataa. Nilivuta, nikauma kwa meno, nikaomba kisu, Shija akasema kisu kiko kwa yule mwenye homa. Nilijaribu kukumbuka familia yangu ya Kizungu ililifunguaje, nikakumbuka kwamba ukurasa huo ulikuwa kwenye bizari ya mtu.

Hapo ndipo tulipotokea mbele ya kanisa. Watu wote wamejipanga ufukweni, akina mama kwa nguo nyeupe, kwaya imesimama kwa mistari, Mzee Lushinge mbele yao mikono ameifungua kupokea vitabu. Kwaya ikaanza wimbo wa kutukaribisha. Tukawapita. Tulipita karibu kabisa, niliona hata kitambaa cha mwalimu wa kwaya, na wao wakaendelea kuimba huku vichwa vinageuka pamoja, kulia kwenda kushoto, mpaka tukaingia kwenye matete kwa kishindo. Mwavuli ukapinduka nje ndani. Kisiki kikatoboa mtumbwi.

Maji yakaanza kuingia. Ufukweni tukasikia mzee akipaza sauti kwamba vitabu kwanza, vitabu visilowe, na Shija, mwana mtiifu, akajitwisha boksi na mkanda wangu juu yake, akaruka majini, yakamfika mapajani, akaondoka haraka haraka kabla sijafikiri. Nilipofikiri alikuwa mbali. Mtumbwi ulikuwa na watu watatu, maji yanapanda, na mmoja wetu ana goti bovu lisiloweza tope.

Kabula akatazama mama yake, akatazama matete, akasema, bado kwa hewa, lakini sauti imepungua ukali, "Mama hatafika peke yake."

Nikashuka. Nikasogea mpaka mbele ya mtumbwi, nikageuka, nikainama, nikafumba macho, sijui kwa nini nilifumba. Kisha nikasikia mikono mabegani mwangu, na uzito wote wa heshima ya Usukuma ukanikalia mgongoni. Na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, mama mkwe akanisemesha mwenyewe, sikioni.

"Mkwe," akasema, "usigeuke nyuma."

Ningegeukaje? Nikaanza kutembea. Kwaya ilikuwa imenyamaza, na ninawaambia, ukimya wa watu wa kanisa zima ni mbaya kuliko kicheko. Miguu inazama, mikono yangu miwili imeshika miguu ya mama mkwe kupitia kanga, na bugaluu imekunywa ziwa lote. Ikaanza kushuka. Nilisikia inaacha kiuno, inafika kwenye nyonga, inapumzika, inaendelea. Nikapanua miguu, nikashindwa kutembea. Nikaibana, nikaanza kuyumba, na mama mkwe akanishika shingo kwa nguvu. Mbele yangu ufuko na watu wote wa Mungu, na maji yanapungua kila hatua, maana yake kinachofichwa na maji kinakaribia kuonekana. Ama niachie mama mkwe, ama niachie suruali. Nilisimama katikati ya maji nikafikiri kwa uchungu, nikajua kwamba nikimwangusha huyu, mke sina tena. Nikaiachia suruali iende inakotaka, nikapiga hatua.

Ndipo nikahisi mtu amenishika nyuma, kiunoni, ameikamata bugaluu kwa mikono miwili na kuivuta juu kwa nguvu mpaka nikasimama kwa vidole. Alikuwa anatetemeka. Nikadhani analia.

"Tembea, Baba Neema," Kabula akasema, kwa kicheko kilichokwisha kumshinda. "Tembea, nimeshika."

Tukatoka majini hivyo, mimi mbele, mama yake mgongoni, yeye nyuma ameshikilia suruali yangu kama anayepeleka ng'ombe mkaidi mnadani. Mwalimu wa kwaya akajaribu kuanzisha wimbo, sauti ya kwanza ikacheka, sauti ya pili ikafuata. Vitabu vilifika vikavu.

Jioni tukakaa kikao. Nilikaa kwenye kigoda nimevaa shuka ya kuazima, natazama chini, nasubiri hukumu, maana nilikwisha kumgusa asiyegusika mbele ya watu, na sikujua mila itanidai nini. Mzee Lushinge akakohoa, akasema yeye sasa ni mtu wa kanisa, mambo ya kutakasa hana, ila anataka kumwuliza binti yake kama anarudi Kahama au harudi. Kabula akafungua mdomo, kicheko kikamkaba, akafunika uso kwa kanga. Mzee akarudia swali. Ikawa vile vile. Jibu likatoka nyuma ya mlango, kwa sauti niliyoijua sasa.

"Mpeni mke wake waende," mama mkwe akasema, "kabla hajabeba na wengine."

Tulirudi Nyasubi wote watatu. Tangu hapo kila baada ya mavuno nakwenda ukweni bila kukumbushwa, ndilo sharti Kabula alilolitoa ndani ya basi, na kwenye chombo chenye tanga sijaingia tena wala sitaingia. Siku tukialikwa kwenye lile kanisa la ng'ambo, mke wangu na mama yake wanapita majini na Shija, mimi nazunguka ghuba nzima kwa miguu, natoka jogoo la kwanza, nafika watu wameshapanguza midomo. Njiani huwa nawaona wakinipita. Kabula hunipungia mkono. Mama mkwe, kwa heshima, hutazama upande wa pili.