Hodi Nzito ya Getini

Shule niliishia darasa la nne. Redio nimetengeneza miaka arobaini, kabla ya kuhamia Chamazi na baada ya kuhamia, na hakuna mwenye cheti aliyenifundisha.

Mke wangu alipoanza kupungua usikivu, sauti nyembamba ndizo zilizompotea kwanza. Jirani, shoga yake wa kuchambua naye mchele kila alasiri, alikuwa akifika getini anapiga hodi mara tatu kama ilivyo desturi, asipojibiwa anaondoka. Mwishowe akasusa. Mke wangu naye akanuna ndani, anasema katupwa. Nikitaka kwenda kueleza ananikataza. Hakutaka mtu ajue habari ya masikio yake.

Nikanunua kibao kidogo cha kompyuta, hakijai kiganja, nikakiunga na spika. Programu yake ni ya bure mtandaoni, kila mtu ruksa kuifungua na kuichokonoa. Binti yetu alinitafsiria Kiingereza chake kwa simu, akanirekodia hodi kwa sauti yake. Kompyuta haihifadhi sauti ikiwa nzima, huikata vipande, na ile ilikatwa vipande elfu kumi na sita kila sekunde. Nikafunga kitufe getini, nikabonyeza. Mke wangu hakugeuka.

Nilihangaika nayo wiki nzima. Siku moja nikachezea namba ya vipande vya kutoa kila sekunde, nikakosea, nikaandika elfu nane. Vipande vikatoka kwa nusu ya mwendo, hodi ikawa ndefu, nzito.

"Karibu," mke wangu akaitikia kutoka uani. "Nani huyo mwenye sauti ya ng'ombe?"

Nikakaa chini palepale getini. Binti alipotaka kunirekebishia namba nikamwambia aache, fundi ni mie.

Kesho yake nikamfuata jirani, nikamwomba aje anijaribie kitufe. Alikuja kanuna, akabonyeza. Mke wangu akaitikia, akatoka. Wakasimama wanatazamana.

"Shoga, umenitupa," mke wangu akaanza.

"Mie? Nimepiga hodi mpaka koo limenikauka."

Mke wangu akaitazama spika, akanitazama na mie. Nikajua leo nitafokewa. Badala yake akamshika mwenzake mkono.

"Masikio yangu siku hizi hayasikii," akasema. "Ukiongea nami, sogea."

Jirani akavuta kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akaanza kumsimulia habari za mtaa za mwezi mzima, kwa sauti kubwa hata mie niliyewapisha nikakaa barazani nikazipata zote.