Signature ya Bwana Yangu

Mama mukwe wangu alianza kupoteza macho nyuma ya sisi kutoka Beni na kukimbilia Butembo. Kwanza alisema ni moshi ya makala. Kisha akasema ni taa yetu njo mubaya. Nikanunua taa ingine, akasema hata hii ni ya bongo, batu ba soko bamenidanganya. Siku moja nikamukuta anachambua maharagi: mawe anaitia mu sufuria, maharagi anaitupa inje, na mikono yake inaenda mbio kama ya mutu anayeona. Niliokota ile maharagi nyuma yake, nikaiosha, na nikakasirika sana. Mimi niko vile, huruma yangu inakuyaka na hasira mbele.

Muganga ku hospitali alisema ni mutoto wa jicho, na iko mu macho yote mbili. Alisema kama tunangojea atakuwa kipofu kabisa, mais operation inawezekana, na ni operation ya kawaida. Kisha akatuambia bei. Mimi nauzishaka mawese, mafuta ya ngazi, ku soko moja ya Bulengera, bidon kidogo kidogo. Faida yake inatosha bugali, mboga ya sombe, na masomo ya batoto wangu wawili. Ikibakia kitu, ni sabuni. Donc nikaamua kuomba mukopo ku koperative.

Yeye alikuwa anaogopa kisu ya muganga. Magaribi ile nikamuchokoza kidogo ili acheke.

"Mama, macho unataka ya nini tena? Dunia umeshaiona yote."

Hakucheka. "Nataka nimuone akirudi," alisema. "Asifike hapa ku mulango, mimi nikamuuliza weye ni nani."

Alikuwa anasema juu ya mutoto wake, ni kusema bwana yangu. Wakati tungali tunaikala Bungulu, kule Beni, alitoka asubui moja kwenda ku shamba yetu ya kakao, na panga yake, na viatu yake ya mupira. Mbele ya saa sita batu bakaanza kurudi mbio, banalia wauaji bameingia mu mashamba. Bengine bao balirudi, bengine balikuya kuletwa juu ya matanda, tukabazika. Yeye hatukumuona, wala muzima wala maiti. Banaume balienda kumutafuta mpaka basoda bakabakataza kupita. Sisi tukafunga bitu, tukakuya Butembo.

Kwetu, mutu ambaye matanga yake haijafanyika hatusemake kama amekufa. Ule anayetangulia kuisema, bazee banasemaka ni yeye amemufungia mulango. Kwa hiyo mu nyumba yetu bwana yangu alikuwa "safari". Mutu akiuliza: iko safari. Padri akiuliza: iko safari. Na kila magaribi mama mukwe alikuwa anapapasa kabati, anatosha sahani yake, anaitia bugali na mboga, anaipeleka mbele ya kiti yake. Tukimaliza kula, mutoto mudogo anamalizia ile chakula. Mimi njo nilikuwa naosha ile sahani. Miaka yote ile naosha sahani ya mutu ambaye hakukula, na nisikuficheni, ilikuwa inanikera.

Siku ya kwanza ku koperative nilienda naye, amenishika mukono. Agent alikuwa kijana mwenye adabu, na cravate yake. Akatuhesabia karatasi zenye dossier inaomba: kopi ya carte ya uchaguzi, photo, attestation ya residence, mutu wa kunisimamia kama nashindwa kulipa. Kisha akauliza, "Na bwana, mama? Mwanamuke wa ndoa akikopa, bwana naye anasign."

Mama mukwe akajibu mbele yangu, "Iko safari. Atarudi."

Kijana akaandika. Nilimuona anaandika, na sikumukataza. Ningemukataza namna gani, mama ya mutu iko pembeni yangu?

Basi nikaanza kukimbilia karatasi. Mutu ambaye hajaomba mukopo anazania ni feza njo inachelewesha. Hapana, ni karatasi. Unaenda kuomba moja, bakuambie leta kwanza ingine. Ku bureau ya quartier niliambiwa carte yangu inasema Beni, donc nilete mwenye nyumba aseme naikala kwake. Mwenye nyumba alikuwa ameenda Luofu kununua maharagi. Nikamungojea. Ku photo nilifunga kitambaa ya kichwa, bakasema fungua, masikio ionekane. Nikafungua, nywele haikusukwa, na ile njo sura yangu yenye iko mu dossier mpaka leo, kama mutu bamemushika juu ya wizi. Wa kunisimamia nikamupata, mama mwenzangu wa mawese, tunaimba naye mu chorale moja. Alikubali bila maneno mingi, Mungu amubariki.

Wakati yote ile, macho ya mama mukwe ilikuwa inazimika. Alianza kusalimia kabati.

Nikarudisha dossier, peke yangu safari hii. Agent akaifungua, akageuza karatasi moja moja, akafurahi. "Muzuri, mama. Inabakia tu signature ya bwana."

"Bwana hayuko," nikasema.

"Bado hajarudi?"

"Hayuko."

Akaweka bic chini. "Mama, hapa tuliandika safari. Kama mumeachana, leta karatasi ya tribunal. Kama alikufa, leta acte de décès. Machine haikubali mutu asiyekuwa ku fasi yoyote."

"Basi andika vile," nikamuambia. "Hayuko ku fasi yoyote."

Alitaka kucheka, kisha akaniangalia. "Pole, mama," akasema, akanirudishia dossier na mikono mbili.

Mama mwenzangu wa mawese alisema niache ujinga, nisign mimi mwenyewe, nani atajua? Nilijaribu, ku karatasi ya mazoezi ya mutoto. Signature ya bwana yangu nilikuwa naijua sana, na ile mukia yake yenye inarudi nyuma na kukata jina. Ilitoka muzuri. Ilitoka muzuri mpaka nikaogopa, ni kama yeye mwenyewe ameikala pale na kuiandika. Nikaitia mu moto ya mbabula, nikapikia chai.

Ile siku nikamuambia mama mukwe, bila kuzunguka, sababu sijui kuzunguka.

"Mama, koperative banataka karatasi yenye kusema alikufa."

Alikuwa anamenya bihazi. Kisu ikasimama. "Na nani atasema?"

"Ku bureau banaomba mutu wa familia. Weye."

"Niuzishe mutoto wangu, ili nipate macho?"

"Macho ya kumuona nani, mama?" nikamujibu.

Ile neno ilitoka, na sikuweza kuirudisha. Hakunisemesha tena. Alikuwa anasemesha batoto: ambia mama yenu chumvi iko kidogo, ambia mama yenu nvua inakuya. Kisha asubui moja akatosha sufuria ya uji ku moto, akageuka, na hakuona kama mutoto mudogo alikuwa nyuma yake. Uji ikamuunguza muguu. Kidonda haikukuwa mukubwa, mais mutoto alilia sana, na yeye alikuwa anapapasa hewa na mikono akiuliza, "Iko wapi? Nimemuunguza wapi?" na mutoto alikuwa anamukimbia.

Jumapili, nyuma ya misa, akanishika mukono yeye mwenyewe. "Twende Beni," akasema.

Tulifikia Bungulu, kwa baba mudogo wa bwana yangu, ambaye alibakia kuchunga parcelle yetu. Tukaenda naye ku chef wa quartier. Ule chef hakukuwa mutu mubaya. Zamani alikuwa anakunywa pombe ya kasiksi na bwana yangu ku mulango wetu. Alitusikiliza, akainamisha kichwa.

"Mama," akamuambia mama mukwe, "ili upate acte, mimi napaswa kuandika kama najua kifo yake. Nitaandika aje? Hapa kwangu matanga yake sikuiona. Hakuna mutu alilia, hakuna mutu alichimba. Mukifanya matanga, nitakuya, nitaikala na nyinyi, kisha nitaandika kile niliona."

Tulipofika mu uwanja, baba mudogo akasema, "Basi tumuzike."

Kwetu, mutu ambaye mwili yake haikupatikana, bazee banakataka shina ya mugomba, sawa na urefu yake, banaifunga, banaizika mu fasi yake. Nilikuwa nasikia ile maneno tangu utoto, sikuzania itanifikia. Baba mudogo akakata mugomba moja nyuma ya nyumba, akauliza urefu ya mutu ilikuwa namna gani. Bote bakaniangalia mimi, muke. Nikasimama pembeni ya shina. "Nilikuwa namufikia ku bega," nikasema, nikaonyesha na mukono. Baba mudogo akanyanyua panga.

"Ngoja," mama mukwe akasema.

Akapiga magoti. Akaanza chini, mikono mbili, anapanda na shina pole pole, vile tulikuwa tunaosha batoto. Alipita fasi yenye mimi nilionyesha, akaongeza kidogo, akasimama.

"Hapa," akasema. "Mulikuwa munataka kumukata kichwa."

Bakakata pale. Tukaivika shemisi yake ya jumapili, ile mama mukwe alikuwa anafua na kupiga pasi tangu tulihama, na alikuya nayo mu mufuko yake, tukaifunga na kitenge. Catéchiste akakuya, akaomba. Batu ba quartier bakakuya, na chef akakuya kama alivyoahidi, akaikala mu kiti ya nyuma. Mimi nilikuwa nimejiambia kama hii yote ni juu ya karatasi, nitasimama vile nasimamaka ku bureau, na dossier yangu mu mukono. Mais balipoteremusha ile mugomba mu shimo na shemisi yake, nikaikala chini ku udongo. Nililia mpaka bamama bakanishika. Mama mukwe hakulia. Alishika udongo, akatupa, ikaanguka pembeni, ku viatu ya batu. Akashika tena. Mara hii nikashika mukono yake, nikaipeleka juu ya shimo, nikaifungua.

Nyuma ya matanga, chef akaandika. Baba mudogo akasign. Mama mukwe hakujua kuandika, donc bakaleta wino.

"Kwanza munisomee," akasema.

Chef akamusomea: jina, na jina ya baba, na neno ya kusema amekufa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipatia mukono. "Unitilie kidole weye. Sioni fasi yake iko wapi."

Nikashika kidole gumba yake, nikaigandamiza ku wino, nikaigandamiza ku karatasi. Alipangusa kidole ku kitenge yake, wino haikutoka muzuri. Mu gari ya kurudi Butembo alikuwa anaisugua na mate njia yote.

Na ile karatasi ya chef, bureau ilitupatia acte. Ku koperative, agent akafungua dossier yangu mu machine. Najua alikuwa anaona yote ku acte, mais banapaswa kuuliza.

"Bwana yako, mama?"

"Alikufa," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuisema na kinywa yangu. Akapiga machine kidogo, na safari ikatoka, veuve ikaingia, ni kusema mujane. Nilisign chini, peke yangu.

Bakamupasua jicho moja, kisha ya pili. Siku ya kufungua bandage, muganga alimuuliza anaona nini. Akaniangalia mimi, kutoka kichwa mpaka miguu.

"Naona muke wa mutoto wangu amekonda," akasema, "na anatembea na nguo yenye imepasuka, kama hana mutu wa kumuambia."

Nilicheka. Nilifurahi kabisa, nakuambieni kweli. Mu njia alikuwa anasoma rangi ya nyumba zote kwa sauti. Alifika, akashika mutoto mudogo, akaangalia kovu ya muguu yake, akaipulizia.

Magaribi alikataa nimusaidie. Alipika yeye mwenyewe. Alifungua kabati bila kupapasa, akatosha sahani, akaitia bugali na sombe, akageuka nayo vile alikuwa anafanyaka, na akasimama katikati ya nyumba.

Aliangalia kiti.

"Wakati sikukuwa naona," akasema, "nilikuwa najiambia pengine ameikala pale. Pengine ananyamaza tu, juu amechoka na shamba."

Akarudisha chakula mu sufuria. Sahani akaiosha yeye mwenyewe, akaipangusa, akaitia chini kabisa, chini ya zingine zote. Tangu ile siku haijatoka.

Mukopo naendelea kuilipa, kila mwisho ya mwezi. Ule agent ni kijana muzuri, hasahau mutu. Akinipatia reçu, anauliza kila mara, "Na mama mukwe, macho iko aje?"

"Anaona muzuri," namujibu. "Anaona yote."