Papa amekataliwa uzee

Leo Papa yangu amekataliwa uzee. Tena mbele za watu.

Kliniki ya hapa mtaani kwetu La Rochelle walikuwa wanapima bure wanaume wa miaka sitini na tano kwenda juu, kuangalia kama mshipa mkubwa wa damu tumboni umevimba. Ukipasuka, ni basi. Kaka yake alikufa hivyo, kwa hiyo nikamkokota Papa.

Nesi akasoma karatasi zake za ukimbizi.
"Una hamsini na saba. Rudi baada ya miaka minane."

Eish!

Papa ana sitini na saba. Alijipunguzia kumi ili apate kazi ya sekyuriti. Na mimi, binti mwenye saluni, ndiye ninayempaka piko kwenye mvi kila mwezi.

Akamsihi: "Sista, mimi ni mzee kabisa. Angalia magoti."
"Laiti mume wangu angekuwa kijana hivi!"

Foleni nzima ikacheka. Papa akaondoka na sifa, tumbo halijapimwa.

Nimemwambia arudi akaseme ukweli. Anasema bosi akisikia, kazi imekwisha. (Bosi hasomi Kiswahili, tulieni.)

Nyinyi mngechagua nini, kazi au tumbo?

Yeye hakungoja maoni yenu. Keshavaa yunifomu, yuko getini.