Masikio ya Mwalimu wa Kwaya

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kilosa, sikugusa mashine yoyote. Mkuu wa Maabara, mama mnene mwenye sauti ya usingizi, aliniketisha dirishani akaniambia nitazame wagonjwa wakipita. "Hao ndio kazi yako," alisema. "Chupa ni chupa tu." Nilidhani ananitania.

Kazi yenyewe ilikuwa kupima dawa ndani ya damu. Jentamisini, kwa mfano, ni antibayotiki kali. Inaua vijidudu sugu, lakini figo zikichelewa kuitoa inajilimbikiza, ikadhuru figo zenyewe na masikio. Kwa hiyo tulitoa damu muda mfupi kabla ya sindano inayofuata, tukaangalia masalia. Yakiwa mengi, daktari anapunguza dozi au anachelewesha sindano. Kazi ya kusubiri hiyo, wanangu, na mimi nilipenda kusubiri huku ukungu ukijivuta milimani.

Baadaye nilihamishiwa Mikumi. Mashine ya kupimia ilibaki Kilosa, hivyo tuliizungusha damu kwa kasi mpaka ikajitenga, tukachukua maji yake ya manjano, tukayasafirisha kwa gari ndani ya kisanduku cha barafu. Hapo Mikumi nilimkuta Mzee Lukasi, mwalimu wa kwaya kutoka Ruhembe. Panga la kukatia miwa lilimjeruhi mguu, kidonda kikaoza, vijidudu vikaingia kwenye damu. Dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa, ikabaki jentamisini.

Majibu yake yalirudi yakiwa juu mno. Mganga Mfawidhi, daktari wetu mkuu, aliyasoma akanigeukia.

"Tukiisimamisha dawa, tunampoteza. Tukiendelea hivi, hatasikia tena kwaya yake. Hebu kaulize, hii damu ilitolewa wapi?"

Nikaenda wodini. Muuguzi aliinamisha macho. "Kwenye kanula, dada. Mishipa yake imechoka, nikamwonea huruma kumchoma tena."

Kanula ni kile kibomba kinachoachwa mkononi, na dawa ilipitia humo humo, ikachanganyika na damu tuliyopima. Sikuweza kumkasirikia. Tulimchoma mzee mkono wa pili, gari likaondoka.

Mchana ule ninauota mpaka leo. Malori yalipita barabara kuu kwa mbali, nyani wamekaa ukutani kama watu wenye miadi, na Mzee Lukasi anaimba bila sauti, midomo tu. Nilimwogopea sana.

Simu ikaja kutoka Kilosa. Kiwango bado kilikuwa juu, ila si kama kile cha kwanza.

"Figo zimechoka, hazijafa," alisema Mganga Mfawidhi. "Dawa iendelee, lakini sindano tuzicheleweshe."

Kidonda kilipoanza kufunga, tukataka kujua habari ya masikio, na chombo cha kuyapimia hatukuwa nacho. Nikasimama nyuma ya mzee, upande wa kulia, nikanong'ona, "Shikamoo, mwalimu." Mtu wa umri wake haachi shikamoo bila jibu. Hakujibu. Nikahamia upande wa kushoto, nikarudia kwa sauti ile ile.

"Marahaba, binti yangu. Mbona unanong'ona?" Kisha akagusa sikio la kulia. "Hili limeshaniaga. Nitafundisha kwa hili jingine."

Sasa nimestaafu, asubuhi zangu ni ndefu, na vijana huniuliza kama kazi ile ilikuwa na faida. Daktari aliandika kwamba mgonjwa amepona. Mimi nilirudi maabara nikafunga mlango, nikalia, na mpaka leo sijui nililia kwa ajili ya sikio lipi.